Bizari ni Bizari

Fundi saa hakuwahi kukubali kwamba duniani kuna kitu kisichoweza kufunguliwa, kutandazwa juu ya kitambaa cheupe, kupanguswa na kurudishwa kama kilivyokuwa. Imani hiyo ilimtosha kwa miaka mingi, maana kazi yake haikumletea kitu kikubwa kuliko saa ya ukutani. Kibanda chake kilibanwa kati ya kinyozi na muuza viatu, na humo alishinda ameinama, lenzi imeng'ang'ania jicho la kulia, kibakuli cha petroli kushoto, kibanio mkononi. Wateja walizungumza na utosi wake. Akimaliza alichokuwa akifanya aliinua uso na kuitikia salamu ambayo mtu alishasahau kwamba aliitoa.

Petroli ile ya kuoshea vyuma ilikuwa imemla pua. Hilo halikumsumbua, kwa kuwa saa haina harufu. Alichokuwa nacho ni sikio. Aliweza kuisogeza saa karibu na shavu na kusema ni gurudumu lipi limelika meno, na mara nyingi alisema kweli.

Nyumbani alikuwa na mke, na mke alikuwa na mama. Mama huyo aliletwa na bintiye pale macho yalipoanza kumzimika, mpaka ikafika siku hakuona tena ila mwanga wa dirisha. Fundi hakuulizwa, na, tumpe haki yake, hakupinga. Mipango yote ya nyumba ilifanywa kwa kudhani kwamba atakayebaki hadi mwisho ni binti. Kisha binti akaugua muda mfupi, akafariki, na waliobaki ni watu wawili ambao kwa miaka yote hiyo walikuwa wamezungumza kupitia kwake, kama ofisi mbili zinazotumia tarishi mmoja.

Asili ya mama mkwe ilikuwa Uhindini, ingawa aliyesafiri ni babu yake, na kilichosalia cha safari ile ni bangili mbili za fedha na mapishi. Si yale mapishi ya hotelini, yenye mafuta yanayoelea na majina marefu. Vyakula vya nyumbani tu: wali na dali nyepesi, kichri, yaani mchele uliopikwa pamoja na choroko, siku tumbo likikorofisha, mchuzi wa viazi, bamia zilizokaangwa hadi zikaacha kunata, mtindi uliochemshwa na unga wa dengu mpaka ukawa mchuzi. Chakula cha watu wenye shughuli nyingine za kufanya.

Fundi alikila chakula hicho maisha yake yote ya ndoa bila kukitazama. Gazeti lilikuwa limeegemezwa kwenye birika, na mkono ulijua njia. Kitu kimoja tu kilimfanya ainamishe macho: kwenye wali, mara kwa mara, alikutana na kijiti chembamba cha kahawia. Alikitoa kwa ncha ya kucha na kukilaza kwenye ukingo wa sahani, kisha kingine kando yake, vyote vimeelekea upande mmoja, kama anavyopanga skrubu za saa ya mkononi. Alijua ni makapi. Kwa adabu, hakuwahi kumwambia mkewe kwamba hachagui mchele vizuri. Aliliona jambo hilo kuwa moja ya nguzo za ndoa yao.

Wiki iliyofuata mazishi alifanya alichojua kufanya. Alishusha makopo yote ya viungo kutoka rafu ya jikoni, akamwaga vilivyokuwemo, maana vilikuwa vimekaa na wala havikuandikwa majina, akayaosha kwa maji ya moto na sabuni, akayaanika kichwa chini uani. Makopo yalitoka yaking'aa. Mama mkwe, kwenye kiti chake sebuleni, alisikia bati likigonga bati tangu kopo la kwanza hadi la mwisho. Hakusema kitu. Ukimya ule ukaendelea, na kila mtu aliyekuja kutoa pole aliuita msiba.

Baada ya hapo mama mkwe akaacha kula.

Tuseme kweli, hakuacha kabisa. Alikunywa chai na kumega mkate. Lakini kila fundi alipomletea sahani aliinusa, akaisukuma kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemrudishia tarishi barua isiyo yake. Mtu aliyeona matokeo ni shemeji, mdogo wa marehemu, aliyekuwa meneja wa bohari ya mabati katika mji mwingine. Alikuja na papai na machungwa, akakaa, akatazama bangili. Zamani bangili zile zilikaa kwenye kifundo cha mkono, na kuzitoa kulihitaji sabuni. Sasa mama yake alipoinua mkono kujikuna kichwa, ziliteremka hadi kwenye kiwiko zikigongana.

Shemeji alimwita fundi uani. Alisema hamlaumu mtu, na kwa namna alivyolisema ilikuwa wazi kwamba lawama imeshafungashwa.

"Jumapili ijayo nakuja tena, shemeji. Nikikuta hali ni hii hii, namchukua mama."

Hakuna aliyelitaka jambo hilo, isipokuwa labda shemeji mwenyewe, na hata yeye alilitaka kama mtu anavyotaka kung'olewa jino. Mama mkwe aliisoma nyumba ya fundi kwa viganja: ufa wa ukuta unaoelekea bafuni, kabati lenye kona iliyoliwa, kizingiti, kiti. Kwa mwanawe kulikuwa na ghorofa ya nne, ngazi, na wajukuu walioacha vigari vyao sakafuni. Aliwahi kukaa huko mara moja, na muda wote alishinda juu ya kitanda kama mzigo unaomsubiri mwenyewe. Fundi naye, kama angeulizwa, angesema ni suala la wajibu tu. Lakini kuta zake zilijaa saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na mtu pekee aliyewahi kulalamika kwamba zinapiga kelele alikuwa bibi huyo. Fundi alijaribu kuiwaza nyumba yenye saa zote zile na isiyo na mlalamikaji. Akaacha kuwaza.

Basi akaenda kusimama mbele ya kiti na kuuliza, kwa upole aliouandaa njiani kutoka uani, mama angependa kula nini.

"Wali wa bizari," akasema mama mkwe. "Na dali. Sijaomba paa wa porini."

Alieleza unavyopikwa. Uoshe mchele mpaka maji yachoke kuchafuka. Uuloweke. Samli ikipata moto utie bizari, uisikilize, na ikianza kusema utie mchele.

Fundi aliuliza bizari kiasi gani. Akajibiwa: kiasi chake. Akauliza ikianza kusema nini. Akajibiwa kwamba ataisikia.

Hapa palikuwa na matumaini, kwa sababu kusikiliza ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikwenda duka la mtaani, lile lenye mitungi ya viungo iliyopangwa nyuma ya mizani, akaomba bizari.

"Bizari ipi, fundi?" akauliza mwenye duka.

"Bizari ni bizari," akasema fundi, kwa sauti aliyoitunza kwa wateja wanaodhani betri ndiyo mashine. "Ile ninayochukuaga."

Mwenye duka hakuwa mtu wa kumzuia mteja anayekosea kwa hiari yake. Alimpa ile ya unga, ambayo kweli fundi alikuwa akiichukua siku zote mkewe alipomtuma.

Akarudi, akavaa lenzi, akachagua mchele punje kwa punje mpaka pasibaki hata kijiti kimoja. Aliona hilo ni jambo ambalo, bila kumsema vibaya marehemu, linaweza kuboreshwa. Akatia samli, akatia bizari, akainamisha sikio juu ya sufuria. Bizari haikusema kitu. Ilinyamaza, ikageuka rangi ya udongo, ikatoa moshi ulioingia kwenye jicho lisilo na lenzi. Akasubiri zaidi, kwa kuwa aliambiwa asikilize. Mwishowe akatia mchele kwa kukata tamaa.

Mama mkwe alikisogeza kichwa juu ya sahani. "Mbona manjano?"

Fundi aliganda. Wali ulikuwa wa manjano kweli, tena manjano ya kukata na shoka. Lakini mtu aliyesema hivyo hakuwa ameona rangi kwa miaka. Fundi aliinua kijiko polepole akakipitisha mbele ya uso wa mama mkwe, kulia, kisha kushoto. Macho hayakupepesa.

"Mama, kumbe unaona?"

"Naona nini?"

"Rangi."

"Rangi gani tena? Nakuuliza bizari iko wapi."

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Haipo."

"Nimetia kijiko kizima."

"Hukutia," akasema mama mkwe, na vidole viwili vikaisukuma sahani. "Nipe mkate."

Siku ya pili fundi alitia bizari kidogo, ili wali usiwe wa manjano. Akaambiwa bizari haipo. Siku ya tatu akatia nyingi, ili isiweze kukanwa. Akaambiwa manjano yamezidi, na bizari bado haipo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeona kwamba mashtaka haya mawili hayawezi kukaa kwenye sahani moja. Fundi aliyaeleza hivyo, kwa mpangilio, akihesabu hoja kwa vidole mbele ya mtu asiyeviona. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza kama mkate umekwisha.

Kibandani aliharibu saa ya kinyozi. Si kuiharibu hasa. Aliirudisha ikiwa mbele, na kinyozi akafunga mapema siku mbili kabla hajagundua. Alipokuja kulalamika fundi alimwambia, bila kuinua uso, kwamba wapo watu wanaosema saa iko mbele na iko nyuma kwa wakati mmoja, na wanaishi.

Jumapili ikafika. Fundi alipika kwa uangalifu wa mtu anayetega bomu. Dali aliiacha iwe nyepesi kama alivyoelezwa, na wali aliouweka mezani ulikuwa na rangi ya kitu kinachotumika kuonya magari barabarani. Shemeji akaketi, papai miguuni. Mama mkwe akaketi. Bangili zikateremka, zikagonga, kila mtu akajifanya hakusikia.

Kisha mama mkwe akala. Alimega tonge, akalitia mdomoni, akatafuna kwa muda ambao mtu hutumia kutafuna uamuzi, akameza. Akamega jingine.

"Mzuri," akasema.

Kati ya yote aliyowahi kuambiwa juu ya upishi wake, hilo ndilo lililomkata fundi maini. Sahani iliyosukumwa alikuwa ameanza kuizoea, maana angalau ilikuwa kweli. Alimtazama bibi huyo akimeza kwa nguvu, shingo ikinyooka kila tonge, na akaelewa kwamba anaona mtu akipigania kiti chake cha sebuleni kwa silaha pekee aliyonayo.

Silaha ikamgeuka. Shemeji, kwa kutiwa moyo, alionja. Akatua kijiko. Akanywa maji, akaangalia sahani, akamwangalia mama yake aliyekuwa akisifu chakula hicho, na sura yake ikabadilika kutoka wasiwasi hadi huzuni ya mwana aliyegundua kwamba mzazi wake ameanza kupotewa na akili.

"Mama amefikia kusifia hiki," alimwambia fundi uani. Hakusema kwa ukali. "Jumamosi nakuja na gari. Mwandalie begi."

Alipoondoka, mama mkwe alikuwa bado mezani. Alisema amejitahidi. Fundi akasema ameona. Mama mkwe akasema kama fundi angetia bizari tangu mwanzo haya yasingefika huku. Fundi akachukua kikapu akaenda kununua mkate, kwa sababu mlango ulikuwa karibu kuliko jibu.

Dukani palikuwa na mwanamke mmoja mbele yake. Aliomba sukari, akaomba kiberiti, akaomba bizari. Mwenye duka akamwuliza ipi. Ile ya mbegu, akasema mwanamke, ile nyembamba. Mwenye duka akachota kwenye mtungi, akamimina juu ya karatasi, na mbegu chache zikaponyoka zikatawanyika kwenye meza.

Fundi alikuwa akiwaza habari za begi. Vidole vyake, vilivyoachwa bila msimamizi, vikaanza kuziokota mbegu zile na kuzilaza kwenye ukingo wa meza, moja kando ya nyingine, zote zimeelekea upande mmoja. Ziliposhika mstari ndipo akaangalia chini.

Akatoa lenzi mfukoni, akaipachika jichoni, akainama. Kijiti chembamba cha kahawia, chenye mifereji midogo ya urefu, kimepinda kidogo.

"Hivi ni nini?"

"Bizari," akasema mwenye duka.

"Haya ni makapi ya mchele."

Mwenye duka alimsubiri mwanamke yule atoke. Alikuwa na adabu zake. "Fundi, wewe miaka yote umekuwa ukila wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mwulizaji alivyojua. Fundi aliuliza basi ile ya unga anayochukua ni kitu gani. Mwenye duka akaeleza, kwa uchovu wa mtu ambaye eneo lake la kazi liko mpakani: wapo wanaoiita bizari, na wapo wanaoiita manjano, wapo ambao kwao bizari ni hii ya mbegu tu, hawajui nyingine, na wapo wanaotaka ule mchanganyiko wa pakiti wa kutia kwenye mchuzi, nao ukiwapa kingine wanarudi na maneno. Ndiyo maana anauliza. Wengine wakiulizwa wanajibu. Wengine wananuna.

"Manjano ni rangi," akasema fundi, lakini bila nguvu.

"Na chungwa je? Ni tunda au ni rangi?"

Fundi alirudi na mkate na kikaratasi kilichokunjwa, akitembea kama mtu aliyepigwa na kitu laini. Njiani mambo yalijipanga yenyewe, kwa ukatili wa vitu vinavyojipanga vikiwa vimechelewa. Mkewe alipomtuma bizari alikuwa akilitumia neno hilo kwa maana ya mume, akijua atakachorudi nacho. Bizari ya mama yake alikwenda kuinunua mwenyewe. Nyumba moja, neno moja, vitu viwili, na kati yao mtu mmoja aliyetafsiri kila siku bila kumwambia yeyote kwamba kuna tafsiri. Fundi alitamani kumwuliza kwa nini hakusema. Kisha akakumbuka gazeti na birika.

Hakungoja chakula cha jioni. Aliosha mchele, akatia samli, samli ikapata moto, akatupa mbegu. Akainamisha sikio.

Mbegu moja ikaruka. Nyingine ikafuata. Halafu zote zikaanza kusema kwa pamoja, tiki tiki tiki, kila moja na mwendo wake, kama kibanda kilichojaa saa zisizokubaliana. Fundi alisimama akisikiliza kwa furaha ya kikazi, na karibu aziunguze.

Sebuleni kiti kililia. Kiganja kikaburuzwa ukutani, kikafuata ufa, kikafika kona ya kabati iliyoliwa. Mama mkwe akasimama kwenye mlango wa jikoni, ambako hakuwa amefika tangu bintiye alipofariki.

"Umetia," akasema.

"Nimetia."

"Mbona sasa ndiyo unatia?"

Fundi alikuwa ametarajia neno jingine, si shukrani hasa, lakini kitu cha ukoo huo. Alianza kueleza habari za mwenye duka, unga na mbegu, manjano iliyo rangi na manjano isiyo rangi. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango.

"Marehemu aliniambia huipendi," akasema. "Alisema unaitoa moja moja unaiweka pembeni, kama mtoto. Kwa hiyo sufuria ya nyumba alikuwa akiipunguzia kwa ajili yako, mimi ananikaangia ya kwangu ananimwagia juu. Basi ulipoosha yale makopo nikasema, haya, amemaliza kazi. Na ulipoleta ule wali wako ukaniambia bizari ndiyo hiyo, nikajua unanifanyia makusudi, kwa kuwa sioni."

"Sikuwa naichukia, Mama."

"Ulikuwa unaitolea nini?"

Wapo watu ambao hapa wangeona njia ya kupita pembeni. Fundi alikuwa mtu wa kufungua kitu na kutandaza vyote.

"Nilidhani ni makapi."

Ndani ya nyumba saa zote zilisikika.

"Makapi," akasema mama mkwe.

"Ndiyo."

"Kwenye mchele wa mwanangu."

"Sikumwambia kitu. Kwa adabu."

Mabega ya mama mkwe yakatikisika mara moja, na fundi akadhani ni kicheko. Inawezekana kilikuwa kicheko kweli, mwanzoni. Lakini hakikufika mbali kabla ya kukutana na wazo lililokuwa likija upande wa pili.

"Yaani ulikaa na mwanangu miaka yote ile, unakula, unanyamaza, na moyoni unasema huyu mwanamke hajui kuchagua mchele."

Fundi alijitetea kwamba hakulitilia uzito. Hilo likawa baya zaidi. Mama mkwe alikwenda mezani mwenyewe, akaketi, akasubiri sahani, na ilipofika akala kwa hasira, tonge juu ya tonge, bila kuinua uso. Akaomba aongezewe kwa sauti ya mtu anayedai haki yake mahakamani. Aliposhiba akasema chumvi haikutosha, na dali imeungua chini, na kwamba bintiye alikuwa akichagua mchele kuanzia umri ambao watu wengine bado wanavalishwa viatu. Kisha akaenda kulala, kiganja ukutani.

Hiyo ndiyo wiki ambayo mama mkwe alikula. Wali wa bizari, kichri, viazi. Kila sahani ilirudi tupu, na kila sahani ilirudi na neno juu ya mchele. Samli ilikuwa kidogo, moto ulikuwa mkubwa, na kama kulikuwa na punje yoyote yenye kasoro alimwomba fundi aiweke kwenye ukingo, kwa kuwa ana uzoefu.

Jumamosi shemeji alipaki gari nje na kuingia akiwa ameshakunja mikono ya shati kwa ajili ya kubeba. Begi lilikuwepo kweli, limeandaliwa na fundi kama alivyoagizwa, limesimama mlangoni. Mama yake alikuwa mezani.

"Kaa ule," akamwambia.

Shemeji alisema hana njaa. Akaambiwa akae. Alionja kama mtu aliyewahi kuumwa na mbwa huyo huyo. Akatafuna. Akaiangalia sahani, akaichokoa mbegu moja kwa kijiko, akaila peke yake. Sahani ya pili alijipakulia mwenyewe.

Alipomaliza alirudi kwenye kazi yake, maana alikuwa meneja. "Lakini bangili bado zinacheza, Mama."

Ilikuwa kweli. Wiki moja hainenepeshi mtu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, karibu na begi.

"Acha zicheze," akasema mama mkwe. "Siendi mahali. Nikitoka humu, huyu atabaki anawaambia watu kwamba mwanangu alikuwa hajui kuchagua mchele."

"Nani amesema hivyo?"

"Mwulize shemeji yako."

Shemeji akamgeukia fundi. Fundi akaliangalia begi. Halikuwa suala ambalo mtu angeweza kulieleza mlangoni, na hakuna aliyemwambia aketi. Mwishowe shemeji alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hesabu zake za bohari hazijawahi kukataa namna hii, kwamba atakuja tena mwezi ujao kuangalia. Alilipeleka begi chumbani kwa mama yake, akalipandisha juu ya kabati, akaondoka na wali kwenye kibakuli kilichofunikwa sahani.

Gari lilipoacha kusikika, mama mkwe alijikuna kichwa. Bangili zikashuka, zikagonga.

"Saa zako zinapiga kelele," akasema.

Fundi akasema atazisimamisha mbili tatu. Akaambiwa asizisimamishe, amwambie tu mtu aliyezileta azichukue.

"Na kesho bamia."

Fundi alikuwa ameshachukua kikapu. Alifika mlangoni, akasita, akarudi hatua moja, kwa tahadhari ya mtu aliyekwisha kujifunza kwa gharama yake.

"Bamia ipi, Mama?"

Mama mkwe alielekeza uso kule sauti ilikotoka, akaushikilia hapo.

"Bamia ni bamia," akasema.

Fundi alitoka. Sentensi hiyo aliwahi kuisikia mahali, na haikuwa imemfikisha pazuri aliyeisema.